Lumumba na ngazi za dhamiri

Patrice Lumumba husimuliwa mara nyingi kama shujaa aliyezaliwa tayari. Mimi nayasoma maisha yake kama ya mtu aliyekua katika kupima mema na mabaya. Mwanasaikolojia wa Marekani, Lawrence Kohlberg, katika tasnifu yake ya mwaka 1958, alieleza kwamba mtu huanza kwa kuogopa adhabu, kisha hutafuta kusifiwa na kutii sheria. Wachache hufika mahali pa kuipima sheria yenyewe kwa haki. Nilipofundisha Yahuma, wadogo waliniambia kuiba ni vibaya kwa kuwa utachapwa. Wakubwa, kwa kuwa jirani watakusema.

Lumumba alizaliwa Onalua, Sankuru, mwaka 1925. Akiwa kijana alifika hapa Kisangani, wakati huo Stanleyville, akawa karani wa posta. Mwaka 1954 alipata kadi ambayo Wabelgiji waliwapa Waafrika wachache waliohesabiwa kuwa wameendelea. Mwaka 1956 alikamatwa, akafungwa kwa kuchukua fedha za posta. Kitabu alichoandika kipindi hicho bado kilitumaini mageuzi ya polepole pamoja na Ubelgiji. Kwake, mtu mwema alikuwa bado yule anayekubaliwa na mtawala.

Alipotoka gerezani alihamia Léopoldville. Oktoba 1958 alishiriki kuunda chama cha MNC; Desemba alikuwa Accra, kwenye mkutano wa watu wa Afrika nzima. Swali lake likageuka: si nani anastahili, bali nani alimpa mtu haki ya kumpimia mwenzake utu. Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin, pamoja na kazi za mateso alitaja jambo la sarufi: Mweusi aliitwa «tu», «vous» ikabaki ya Wazungu. Sisi wanafunzi wa lugha tusilipite hilo. Kiwakilishi kilikuwa kimegeuka shauri la haki.

Lakini ngazi hupandwa, na hushukwa pia. Agosti 1960 jeshi la serikali yake liliua raia Kasai Kusini. Kudai haki kwa wako ni jambo moja. Kumtendea haki anayekupinga ni jingine. Yeye mwenyewe aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, akiwa na miaka 35.

Tukimfanya mtakatifu, tunafuta safari yake, na mwanafunzi hana la kujifunza kwake ila kusifu.