Rita Hayworth: Maradhi Yaliyodhaniwa Ulevi

Waliokuwa wakienda senema zama zile hawahitaji kuelezwa Rita Hayworth ni nani. Lakini jina hilo silo alilopewa na wazazi wake. Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 17 Oktoba 1918, akaitwa Margarita Carmen Cansino. Babake, Eduardo, alikuwa mcheza dansi kutoka Uspania, na binti alikuwa angali mdogo alipoanza kuchezeshwa naye usiku katika vilabu vya Tijuana, Mexico, ili nyumba ipate riziki.

Kampuni ya Columbia ilipomwajiri haikuiridhia sura yake ya Kispania. Nywele nyeusi zikatiwa rangi nyekundu, za kipajini zikang'olewa kwa umeme ili paji lipanuke, na jina likachukuliwa la upande wa mamake. Akacheza na Fred Astaire mwaka 1941 na 1942, kisha ikaja "Gilda" mwaka 1946, akavuma dunia nzima. Mwaka huo huo picha yake ilibandikwa juu ya bomu la atomiki lililojaribiwa Bikini. Mwingine angeona fahari. Yeye alighadhibika mno.

Kwetu sisi iliyozungumzwa zaidi ni ndoa yake ya tatu kati ya tano. Tarehe 27 Mei 1949, huko Vallauris, Ufaransa, aliolewa na Aly Khan, mwana wa Aga Khan wa Tatu, imamu wa Maismailia, watu ambao hapa pwani ni majirani zetu wa siku nyingi. Binti yao, Yasmin, alizaliwa Desemba mwaka huo. Mwaka 1953 wakaachana.

Tangu miaka ya 1960 Rita alianza kusahau maneno ya mchezo. Watu wakanong'ona: pombe hiyo. Kunywa alikunywa, hilo halifichiki. Lakini mwaka 1976 alipoteremka ndege London nywele timtim, macho yamepotea, wapiga picha walimzunguka na magazeti yakamhukumu papo hapo. Hakuna aliyeuliza kama mama yule ni mgonjwa. Filamu yake ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1972.

Mwaka 1980 ndipo madaktari walipotambua kuwa ni Alzheimer, maradhi yanayoila akili kidogo kidogo. Mwaka uliofuata mahakama ilimkabidhi kwa Yasmin, naye hakumficha mamake wala hakuona haya; alilitangaza jambo lile na kuchangisha fedha za utafiti. Rita alifariki New York tarehe 14 Mei 1987, ana miaka 68, katika nyumba iliyopakana na ya bintiye.