Priya Ramrakha: Mpigapicha wa Nairobi aliyeiona Afrika ikijikomboa

Ukipita leo Nyarugusu au Rwamagasa, mkoani Geita, utamkuta kijana ametoka duarani, uso umejaa vumbi, anatoa simu mfukoni na kujipiga picha. Baada ya dakika moja picha imemfikia mama yake huko Shinyanga vijijini. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Amechagua mwenyewe asimameje, na maneno ya chini ya picha ameyaandika mwenyewe.

Miaka sabini iliyopita hali haikuwa hivyo. Picha nyingi za Waafrika zilizosambaa duniani zilipigwa na wageni: wamisionari, maofisa wa serikali ya kikoloni, waandishi wa majarida ya Ulaya na Marekani. Mgeni alifika na kamera, akapiga, akaondoka. Aliyepigwa hakuiona picha yake, na hakujua imeandikwa nini huko ilikokwenda.

Mmoja wa watu waliobadili jambo hilo ni Priya Ramrakha. Alizaliwa Nairobi mwaka 1935, akasomea upigaji picha katika chuo cha sanaa na ubunifu nchini Marekani, akarudi nyumbani mwaka Kenya ilipopata uhuru, na akafa vitani Nigeria mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka 33. Kwa miaka mingi baada ya hapo jina lake lilipotea kabisa. Katika makala haya tunaeleza alikuwa nani na alifanya nini.

Familia ya karatasi na wino

Wazee wa Shinyanga na Kahama wanazifahamu familia za Kihindi zilizokuwa na maduka na vinu vya kuchambua pamba. Familia ya Priya ilikuwa ya Kihindi pia, lakini biashara yake ilikuwa magazeti. Mjomba wake, Girdhari Lal Vidyarthi, alianzisha gazeti la Colonial Times jijini Nairobi mwaka 1933. Lilikuwa gazeti dogo lenye mdomo mkali. Liliwapinga watawala Waingereza waziwazi, na familia hiyo ilichapisha pia magazeti ya Kiswahili, likiwemo lile lililoitwa Jicho.

Serikali ya kikoloni haikufurahishwa. Katika miaka ya 1940 Vidyarthi alishtakiwa kwa uchochezi na kufungwa jela. Kwa hiyo Priya alikulia katika nyumba ambamo watu walijua kwamba maneno yaliyochapishwa yanaweza kumpeleka mtu gerezani. Mtoto wa nyumba kama hiyo hajifunzi kazi ya habari darasani. Anaisikia mezani wakati wa chakula.

Ni vizuri kueleza Kenya ya wakati ule ilivyokuwa, maana msikilizaji kijana anaweza asiamini. Watu walipangwa kwa rangi. Wazungu walikuwa juu, Wahindi na Waarabu katikati, Waafrika chini. Shule zilikuwa mbalimbali, hospitali mbalimbali, hata mitaa ya kuishi ilikuwa mbalimbali. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, karatasi ya kumtambulisha, na polisi alipokitaka alitakiwa kukitoa papo hapo. Mhindi hakubeba kipande, lakini naye alijua mlango upi haumhusu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari ili kuwakabili wapiganaji wa Mau Mau. Priya alikuwa kijana wa miaka 17 hivi. Maelfu ya watu walikamatwa na kuwekwa kambini. Mwezi Aprili 1954 jeshi na polisi waliizingira Nairobi nzima na kuwachuja wakazi, hasa Wakikuyu, mtu kwa mtu.

Ni katika miaka hiyo Priya alianza kupiga picha kwa ajili ya gazeti la familia. Magazeti ya Uingereza yalijaa picha za Mau Mau kama watu wa kutisha, na za walowezi wakijilinda mashambani. Priya alielekeza kamera kwingine: kwa watu wa kawaida waliokuwa wakipekuliwa, waliokuwa wakingoja, waliokuwa wakiishi chini ya amri za kutotoka nje. Kwa maoni yetu hapo ndipo kazi yake ilipoanza kuwa na uzito, hata kabla hajapata mafunzo yoyote makubwa. Hakuwa na haja ya kusafiri kuifuata habari. Ilikuwa nje ya mlango wake.

Kwenda kusomea picha

Kipaji chake kilionwa na Eliot Elisofon, mpigapicha maarufu wa jarida la Life la Marekani aliyekuwa akisafiri sana barani Afrika. Life wakati ule lilikuwa jarida la picha lenye nguvu kubwa, likisomwa na mamilioni ya watu kila wiki. Elisofon alimsaidia kijana huyo kupata nafasi katika chuo cha Art Center, mjini Los Angeles.

Art Center kilikuwa chuo cha ubunifu, yaani mahali ambapo mtu anafundishwa kufikiri juu ya umbo la kitu na jinsi jicho linavyokipokea. Kuna waliosomea kuchora magari, kuna waliosomea matangazo ya biashara, na kuna waliosomea picha. Baadaye chuo hicho kilihamia mji wa Pasadena, na hadi leo wabunifu wengi wa magari wametoka hapo.

Mtu anaweza kuuliza: picha inasomewa nini, si unabonyeza tu? Ukitumia simu ya leo, swali hilo lina haki yake. Lakini kamera ya wakati ule ilitumia filamu. Mkanda mmoja ulitoa picha 36 hivi, na kila moja iligharimu pesa. Mpigapicha alipaswa kupima mwanga kwa jicho au kwa kifaa, kuchagua uwazi wa lenzi, kuchagua kasi, kulenga, na kubonyeza mara moja. Akikosea, hajui. Atajua siku filamu itakaposafishwa katika chumba cha giza, na wakati huo tukio limeshapita. Aliyewahi kupeleka mkanda studio mjini na kuambiwa picha zote zimeungua anaelewa maumivu yake.

Zaidi ya hayo, mwanafunzi wa ubunifu anafundishwa kupanga vitu ndani ya fremu: nini kiingie, nini kibaki nje, mstari wa barabara uelekee wapi, mkono wa mtu uangukie penye mwanga au kivulini. Picha mbili za mkutano mmoja zinaweza kusema mambo mawili tofauti. Katika moja kiongozi anaonekana mkubwa na umati ni kama nyasi. Katika nyingine ni wale watu wenyewe wanaojaza picha, na kiongozi ni kichwa kimoja kati ya vingi. Priya alikuwa na kipaji cha kuwapa nafasi watu wa umati.

Alifika Marekani wakati mzuri, au tuseme wakati mgumu. Watu weusi wa nchi hiyo walikuwa wakidai haki za kukaa basi moja, shule moja na meza moja na weupe. Kijana aliyetoka katika koloni lililogawanywa kwa rangi alikuta ugawaji wa aina ileile katika nchi iliyojiita huru. Akapiga picha za harakati hizo, na miongoni mwa aliowapiga wamo Martin Luther King na Malcolm X. Miaka hiyohiyo wanafunzi wa Afrika Mashariki walikuwa wakipelekwa Marekani kwa ndege kwa juhudi za Tom Mboya. Ndege ya kwanza ya mwaka 1959 ilichukua wanafunzi 81.

Kurudi nyumbani

Priya alirudi Kenya mwaka 1963, na tarehe 12 Desemba mwaka huo bendera ya Uingereza ikashushwa Nairobi. Alikuwa na sifa ambayo wapigapicha wachache sana wa wakati ule walikuwa nayo: alikuwa na mafunzo ya chuo kikubwa cha nje, na alikuwa mwenyeji. Alifanya kazi kwa majarida ya Time na Life, na alikuwa mmoja wa wapigapicha wa kwanza wazaliwa wa Afrika kufanya hivyo.

Kazi ilikuwa nyingi kupita kiasi. Mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Kenya, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea mapinduzi Zanzibar. Siku chache baadaye wanajeshi wa Tanganyika wakaasi. Priya alipiga picha Zanzibar, akaenda Kongo kwenye vita, na baadaye akafika Aden ambako Waingereza walikuwa wakipigwa vita na wapigania uhuru hadi walipoondoka mwaka 1967. Aliwapiga picha viongozi wapya wa Afrika, na aliwapiga picha wakimbizi.

Utaratibu wa kazi ulikuwa hivi. Mpigapicha anapiga, anaitoa filamu bila kuisafisha, anaifunga kwenye bahasha, na kuisafirisha kwa ndege hadi ofisi za jarida ng'ambo. Huko wahariri ndio waliochagua. Mara nyingi mpigapicha hakuiona kazi yake mwenyewe mpaka aikute jaridani, na alikuta picha mbili kati ya mia, zikiwa na maneno ambayo hakuyaandika yeye. Hapo kuna jambo chungu. Kamera ilikuwa mikononi mwa Mwafrika, lakini mkasi ulikuwa bado ng'ambo.

Kulikuwa pia na suala la nyumbani. Baada ya uhuru, Wahindi wa Kenya waliulizwa wao ni wa wapi. Sheria za mwaka 1967 ziliwataka wasio raia kuwa na vibali vya kazi, na wengi wakaanza kuondoka kuelekea Uingereza. Mwezi Machi 1968 Uingereza nayo ikafunga mlango kwa wengi wao, ingawa walikuwa na pasipoti zake. Familia zilizokaa Nairobi miaka mingi zikajikuta zimebanwa katikati. Priya alikuwa mtoto wa jamii hiyo, na mwaka huo ndio aliokufa.

Owerri, Oktoba 1968

Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya pekee ya kuikumbuka vita ya Biafra. Jimbo la mashariki la Nigeria lilijitangazia uhuru tarehe 30 Mei 1967 kwa jina la Biafra, na vita vikaanza Julai. Watu wengi sana walikufa kwa njaa, wakiwemo watoto. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania, chini ya Mwalimu Julius Nyerere, ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Uamuzi huo uliwaudhi wengi barani, na hadi leo unajadiliwa.

Priya alitumwa huko na jarida lake. Tarehe 2 Oktoba 1968 alikuwa karibu na mji wa Owerri, akiambatana na wanajeshi wa serikali ya Nigeria, pamoja na mwandishi wa televisheni ya CBS ya Marekani, Morley Safer. Wapiganaji wa Biafra waliwavizia na risasi zikaanza. Priya alipigwa. Safer alijaribu kumtoa pale, lakini hakupona. Kamera ya televisheni ilikuwa ikirekodi, na tukio hilo lilionyeshwa kwa watazamaji wa Marekani. Mtu aliyetumia maisha yake kupiga picha za mateso ya wengine alikufa mbele ya kamera ya mwingine.

Wapo waliokufa kazini baada yake na wanajulikana zaidi. Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni yake ya picha Dar es Salaam mwaka 1963 na kuionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, anakumbukwa na wengi. Alifariki katika ndege iliyotekwa na kuanguka Komoro mwaka 1996. Priya alikufa mapema mno, kabla hajatoa kitabu hata kimoja kilichobeba jina lake.

Maboksi gerejini

Picha zake zilibaki Nairobi kwa jamaa zake, gerejini, zaidi ya miaka thelathini. Zilikuwa picha zilizochapwa na negativu, yaani vile vipande vya filamu ambavyo cheupe huonekana cheusi na cheusi huonekana cheupe. Unyevu, joto na wadudu ni maadui wa vitu hivyo. Kuna studio ngapi za picha katika miji yetu ambazo mwenye nazo alipofariki, watoto walichoma maboksi ya negativu ili kupata nafasi ya kuweka magunia ya mpunga?

Ya Priya hayakuchomwa. Jamaa yake, mtengenezaji filamu Shravan Vidyarthi, aliyafikia maboksi hayo, akaanza kuyapanga na kutengeneza filamu ya maisha yake. Mwaka 2018, miaka hamsini baada ya kifo cha Owerri, yeye na mtafiti Erin Haney walitoa kitabu kikubwa cha picha hizo. Wengi waliomo humo ni watu wa umati: mwanamke kwenye foleni ya ukaguzi, wanafunzi kwenye maandamano, askari vijana wanaongoja amri. Majina yao hayajulikani, lakini baadhi yao, kama wangali hai, sasa ni wazee wa miaka themanini na zaidi.