Maisha ya Alidina Visram, Tajiri wa Mrima na Ziwa Nyanza



Mto Mirongo hupita katikati ya mji wa Mwanza na kuingia Ziwa Nyanza. Wajerumani walipoweka boma lao hapo katika mwaka 1892, nguo na shanga na shaba zilizouzwa karibu na mto huo zilikuwa zimefika juu ya mabega ya watu, kutoka Bagamoyo kwa njia ya Tabora, safari ya miezi. Haikupita miaka kumi na mitano illa bidhaa hizo zikawa zaja kwa meli kutoka Kisumu, na ngozi na nta na njugu za Usukuma zikawa zatoka kwa njia hiyo hiyo kwenda Mombasa. Njia ya zamani ikafa, na wengi waliokuwa wakila kwayo wakafilisika. Miongoni mwa wachache waliohama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili pasipo kuangamia, mkubwa wao alikuwa Alidina Visram.

Alizaliwa katika mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kach, Bara Hindi. Watu wake walikuwa Makhoja Ismailia. Katika mwaka 1863, naye ni mtoto wa miaka kumi na miwili, akapanda chombo akavuka bahari, hana mali wala elimu ya kutajwa, kwani mtoto wa umri huo atakuwa amesoma nini? Akafika Bagamoyo, akaingia kutumika katika nyumba ya biashara ya kina Sewa Haji Paroo.

Ni jambo la kuangaliwa kwamba Sewa Haji mwenyewe alizaliwa mwaka ule ule wa 1851, hapo hapo Bagamoyo. Basi bwana na mtumishi walikuwa hirimu moja. Sewa Haji akaja kuwa tajiri mkubwa wa kutengeneza misafara ya bara, naye ndiye aliyetoa mali kwa hospitali ya Dar es Salaam na skuli ya Bagamoyo. Alidina akapata chuo chake katika ghala ya tajiri huyo.

Na chuo hicho yafaa kielezwe, maana yote aliyoyafanya baadaye yalitoka humo. Watu hudhani ya kuwa msafara ulikuwa mkutano wa wapagazi tu wenye ngoma na bendera. Sivyo. Msafara ulikuwa ni dola ndogo itembeayo. Killa mpagazi alichukua mzigo wa kadiri ya frasila mbili, na mzigo uliofungwa vibaya ulimwumiza mtu bega, na mtu aliyeumia bega alitoroka usiku. Mbele alikwenda kirangozi, aijuaye njia na visima. Juu ya watu walikuwako wanyapara, killa mmoja na kikundi chake, naye ndiye wa kuulizwa mtu wake akipotea. Nguo zilichaguliwa kwa kujua nchi, kwani nguo ipendwayo Ugogo haikupendwa Usukuma, na ushanga ulioachwa na wanawake wa mahali fulani haukuwa na thamani hata kidogo, ijapokuwa ulinunuliwa kwa fedha nyingi Unguja. Wapagazi walipewa sehemu ya ujira kabla ya kuondoka. Na tajiri mwenyewe hakwenda. Tajiri alibaki pwani, na mali yake ilikuwa mbali naye mwendo wa siku tisini, mikononi mwa mtu aliyemchagua yeye.

Hapo ndipo penye shida yote ya biashara ya bara. Ikiwa mkuu wa msafara ni mwivi, umepotea. Ikiwa ni mwaminifu lakini mpumbavu, umepotea vile vile, tena bila ya kuwa na wa kumlaumu. Na ikiwa ni mwerevu na mwaminifu, baada ya safari tatu atataka kuwa tajiri nafsi yake, naye ana haki. Alidina aliyaona haya akiwa kijana wa ghala, akafunga mizigo kwa mikono yake, akaandika madaftari, akawaona waliorudi na wasiorudi.

Alipopata kujitegemea hakushindana na wakubwa kwa pembe peke yake. Alinunua nta na asali, akauza nguo na chumvi, akaweka maduka Dar es Salaam na Saadani na Tabora na Ujiji. Vita vya Abushiri vya mwaka 1888 na 1889 viliitikisa Mrima yote, wala havikumng'oa. Sewa Haji alipofariki katika mwaka 1897, Alidina aliirithi kazi ya misafara.

Lakini alipoirithi ilikuwa tayari imeanza kufa, naye alijua. Mwaka mmoja nyuma, 1896, Waingereza walikuwa wameanza kutandika reli kutoka Mombasa kwenda ziwani, masafa ya maili 580 hivi. Waliletwa watu kutoka Bara Hindi zaidi ya 30,000 kuifanya kazi ile, na watu wote hao walitaka unga na mchele na dengu na samli. Alidina akaifuata reli. Palipofika kambi, likafika duka. Aliwauzia wafanya kazi chakula, na maofisa wa serikali walipokuwa mbali na hazina walipata fedha dukani mwake. Wala hakungoja reli imalize safari: kabla haijafika ziwani alikwisha kuwa na duka Kampala, bidhaa zikichukuliwa kwa miguu. Reli ikafika Kisumu mwezi wa Disemba 1901. Meli ya William Mackinnon ilikuwa ziwani tangu 1900, zikafuata Winifred na Sybil, na Clement Hill katika mwaka 1907. Zile meli zikazunguka ziwa lote, zikatia nanga Entebe na Jinja, Bukoba na Mwanza. Mfanya biashara wa Mwanza aliyekuwa akingoja miezi sasa alihesabu siku. Bandari ya Wajerumani ikawa yala kwa mkono wa Mombasa, jambo lililowaudhi Wajerumani wenyewe mpaka wakajenga reli yao ya kati, iliyofika Tabora katika mwaka 1912.

Alidina akahamisha makao yake makuu kwenda Mombasa. Wazee waliobaki Bagamoyo waliona ajabu, mtu kuiacha nyumba iliyomlea. Walakini miaka michache ikadhihirisha: Bagamoyo ikawa mji wa maghala matupu na milango mizuri iliyofungwa.

Sasa duka moja likazaa jingine, hata makarani wa Kihindi waliotumika chini yake wakahesabiwa kupita 500. Mtu mmoja atawatawalaje watu mia tano waliotawanyika kutoka bahari ya Hindi mpaka mipaka ya Kongo? Barua ilikwenda majuma. Simu ya waya ilifika mahali pachache tu.

Ada ya nyumba za Kihindi za zama hizo ilikuwa hivi. Kijana huletwa kutoka Kach au Kathiawar, mara nyingi kwa kujulikana ukoo wake. Hulala dukani, hula dukani, hufagia, hupima, huandika. Hana mshahara mkubwa, na sehemu ya mshahara huo hubaki kwa tajiri kama akiba. Jioni killa kilichotoka na kilichoingia huandikwa katika daftari la siku, kwa hati ya Kigujarati, kisha huhamishwa katika daftari kubwa lenye jina la killa mdaiwa. Sheria ya Kiislamu imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, na wafanya biashara wengi wa pwani walilijua jambo hilo kwa ulimi kuliko kwa kalamu. Wahindi, Waislamu na wasio Waislamu, walilijua kwa kalamu. Tofauti hiyo peke yake imehamisha mashamba mengi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Baada ya miaka, kijana aliyethibitika hupewa duka kulitazama. Na aliyethibitika zaidi hupewa bidhaa kwa mkopo, akafungue duka lake mwenyewe mbele zaidi, mahali ambapo tajiri hajafika. Alidina aliitumia ada hii kwa upana usiokuwa na mfano. Hakuwazuia werevu wasiondoke. Aliwatoa kwa mali yake, wakawa wateja wake. Basi yule karani ambaye kwa tajiri mwingine angekuwa mshindani au mwivi, kwa Alidina alikuwa mnunuzi wa jumla na mletaji wa ngozi na ufuta. Wauza maduka wengi wa Uganda na kando ya reli waliianza kazi kwa bidhaa zake.

Mawakala wake, nao, walikuwa na uwezo wa kukata shauri. Hapakuwa na njia nyingine, kwani bei ya pembe ya leo haingoji jibu la Mombasa. Lakini fedha zilipita katika mkono mmoja. Hundi yenye jina la Alidina ilipokewa mahali pengi kama fedha taslimu, na kwa hivyo mtu aliweza kutoa mali Mombasa akaipokea Kampala pasipo kubeba rupia hata moja njiani. Uganda ilikuwa bado nchi ya simbi na kubadilishana vitu. Rupia iliingia huko kwa njia ya maduka kuliko kwa amri.

Kisha akaingia katika kazi ambazo mchuuzi wa kawaida huziogopa. Alinunua kwa wakulima ufuta, njugu, pilipili na pamba, killa walicholeta, maana aliona ya kuwa pembe zitakwisha, na mtu asiye na cha kuuza hana cha kununulia. Akaweka viwanda vya kuchambua pamba na vya kushindika mafuta, na mashine za kupasua mbao, na majahazi ziwani, na mashamba. Wazungu wakamwita kwa mzaha mfalme wa Uganda asiye na taji. Kwa jamaa zake Ismailia alipewa cheo cha Varas. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha Wahindi cha Mombasa katika mwaka 1900. Sadaka zake hazikuuliza dini: alitoa kwa hospitali, na alitoa hata kwa kanisa kuu la Namirembe, nalo ni la Waprotestanti.

Haifai kuficha upande wa pili. Biashara ya misafara ilimonyanyua ilikuwa ni biashara ya pembe, na historia ya pembe haina usafi. Tena maarabu na waswahili wa Mrima waliokuwa wakuu wa njia za bara walijikuta wameachwa. Wao walikuwa na ushujaa na ujuzi wa nchi, hawakuwa na daftari wala hundi, na matajiri wa Kihindi waliwakopesha mpaka nyumba zao zikawa rahani. Alidina hakuianzisha ada hiyo, wala hakuwa nje yake.

Tena, katika mpango wake wote palikuwa na pengo moja, na pengo hilo halikuonekana maadamu yu hai. Vifundo vyote vilikutana kwake yeye. Wakala wa Jinja alimjua Alidina, hakumjua wakala wa Kisumu. Mdaiwa wa ndani kabisa alipewa muda kwa sababu Alidina aliwahi kumwona uso wake. Madaftari yalikuwako, lakini daftari huandika kiasi cha deni, haliandiki ni nani aminiwaye na kwa nini. Elimu hiyo ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Naye aliitunza kwa kusafiri. Hata katika uzee na utajiri hakuketi Mombasa, alikwenda kuyatazama maduka yake kwa macho yake.

Vita vikuu vikaanza mwezi wa Agosti 1914, na ziwa likagawanyika. Meli za biashara zikatiwa mizinga, Mwanza ikafungwa na Kisumu, na mali ya wafanya biashara iliyokuwa upande wa Wajerumani haikufikika tena. Waingereza waliingia Mwanza mwezi wa Julai 1916. Alidina hakuiona siku hiyo. Alikuwa amekwenda safari ya biashara upande wa Kongo, akashikwa na homa, akafariki mwezi wa Juni 1916, umri wake miaka sitini na mitano.

Nyumba ikashikwa na mwanawe Abdulrasul. Alikuwa mtu mkarimu, na kwa kumkumbuka baba yake akatoa mali ya kujenga skuli kubwa Mombasa, iliyofunguliwa katika mwaka 1923. Lakini alipewa nyumba katika wakati mgumu mno. Noti za Wajerumani zikawa karatasi. Katika miaka ya 1920 na 1921 serikali ya Waingereza iliiondoa rupia, ikaleta florini, kisha shilingi, na katika killa badiliko mdai na mdaiwa waligombana ni kipi kilipwe. Bei ya pamba ikaanguka. Madeni yaliyotawanywa katika nchi nne yalihitaji mtu wa kuyakusanya anayejulikana na wote, na mtu huyo alikwisha kuzikwa. Makarani waliokuwa wakimwogopa baba hawakumwogopa mtoto, na waliompenda baba walikuwa wamekwisha kuwa matajiri kwa nafsi zao.

Abdulrasul naye akafariki katika mwaka ule ule wa 1923. Baada yake hapakuwa na aliyeweza kuyashika yote pamoja, na katika muda wa miaka miwili au mitatu nyumba ikavunjika: maduka yakauzwa, viwanda vikaingia mikononi mwa wengine, wengi wao watu walioianza biashara kwa mkopo wake. Skuli ilibaki Mombasa na jina lake, na sanamu yake ikasimamishwa katika bustani ya mji huo. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza katika mwaka 1928, na mizigo ya Usukuma ikarudi kushuka kwenda Mrima kama zamani, nyumba ya Alidina Visram haikuwako tena kuipokea.