Philip Levine: Daktari aliyefumbua fumbo la watoto kuzaliwa wakiwa wafu

KWA karne nyingi, mwanamke aliyejifungua watoto wafu mmoja baada ya mwingine alinyoshewa kidole cha lawama. Kuna waliodai kuwa ana nuksi, na kuna walioshikilia kuwa amerogwa. Madaktari nao mara nyingi waliuchunguza mwili wa mtoto bila kuambulia jibu.

Mmoja wa watu waliochangia pakubwa kumwondolea mama mzigo huo ni Philip Levine, daktari wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza damu ya binadamu.

Levine alizaliwa Agosti 10, 1900 mjini Kletsk, uliokuwa chini ya himaya ya Urusi na ambao sasa umo nchini Belarus. Alikuwa na umri wa miaka minane hivi familia yake ilipohamia Marekani na kufanya makao Brooklyn, New York. Baada ya masomo katika City College, alijiunga na Chuo Kikuu cha Cornell na kuhitimu udaktari mnamo 1923.

Miaka miwili baadaye aliajiriwa katika Taasisi ya Rockefeller kuwa msaidizi wa Karl Landsteiner, mtaalamu aliyegundua makundi ya damu ya A, B na O, na ambaye alituzwa Nobel mnamo 1930. Mnamo 1927, wawili hao waligundua alama nyingine katika chembe nyekundu za damu, wakaziita M, N na P. Ugunduzi huo ulimfunza Levine kuwa watu wawili wanaweza kuwa wa kundi moja na bado damu zao zikatofautiana.

Funzo hilo lilimfaa sana baadaye. Alihamia Chuo Kikuu cha Wisconsin mnamo 1932, na mnamo 1935 akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Newark Beth Israel, jimbo la New Jersey. Ni wakati akiwa huko ambapo mkasa wa mwanamke mmoja wa New York ulimfikia.

Mnamo 1937, mwanamke huyo aliyekuwa na umri wa miaka 25 alijifungua mtoto mfu. Kwa kuwa alikuwa amepoteza damu nyingi, aliongezewa damu ya mumewe. Wote wawili walikuwa wa kundi la O, hivyo hapakutarajiwa matatizo. Hata hivyo, mara tu baada ya kupokea damu hiyo alishikwa na baridi kali na maumivu ya miguu na kichwa.

Wengi wangeichukulia hali hiyo kuwa bahati mbaya tu. Levine aliichanganya damu ya mama na ya mumewe katika maabara, akaona chembe za mume zikigandamana. Alipoijaribu kwa damu za watu wengine wa kundi la O, matokeo yalikuwa yayo hayo kwa takriban wanne kati ya kila watano. Mama huyo alitafutiwa damu iliyooana na yake, akapona.

Katika makala waliyochapisha mnamo 1939, Levine na mwenzake, Rufus Stetson, walieleza kilichokuwa kimetokea. Kijusi kilikuwa kimerithi kutoka kwa baba alama ya damu ambayo mama hakuwa nayo. Mwili wa mama ukaiona kama adui na kutengeneza kingamwili za kupambana nayo.

Levine hakuipa alama hiyo jina. Mnamo 1940, Landsteiner na Alexander Wiener walitangaza alama waliyoigundua kwa kutumia damu ya nyani aina ya rhesus, wakaiita Rh. Ikazuka mivutano mirefu kati ya Levine na Wiener kuhusu nani aliyestahili sifa.

Pamoja na hayo, ni Levine na wenzake waliothibitisha mnamo 1941 kwamba kingamwili hizo huvuka kondo la nyuma na kuharibu damu ya kijusi. Zaidi ya asilimia 90 ya akina mama waliopata watoto wenye ugonjwa huo hawakuwa na Rh, ilhali miongoni mwa Wazungu wasiokuwa nayo ni asilimia 15 hivi. Ikaeleweka pia kwa nini kifungua mimba kwa kawaida husalimika huku wadogo zake wakiangamia: kingamwili nyingi huundwa baada ya damu ya mtoto kumwingia mama wakati wa kujifungua.

Mnamo 1943, Levine alibaini kuwa ugonjwa huo ulikuwa nadra pale ambapo mama na mtoto walitofautiana pia katika makundi ya A, B na O. Jambo hilo liliwasaidia watafiti wa Liverpool, ambao sawa na wenzao wa New York walibuni sindano ya kuzuia mwili wa mama kuunda kingamwili hizo, ambayo iliidhinishwa Marekani mnamo 1968. Levine, aliyetuzwa Lasker mnamo 1946, aliishi kuiona ikiokoa watoto. Alifariki Oktoba 18, 1987 akiwa na umri wa miaka 87.

Kutooana kwa damu ni chanzo kimoja tu. Shinikizo la damu, kaswende, malaria na mtoto kukosa hewa wakati wa uchungu pia husababisha vifo hivyo. Miongoni mwa Waafrika, wasio na Rh ni wachache kuliko Wazungu, lakini wapo, na katika nchi nyingi maskini wengi wao bado hawaipati sindano hiyo. Ndiyo sababu mja mzito anapofika kliniki hutakiwa kupimwa kundi la damu pamoja na Rh. Kipimo hicho kilitokana kwa sehemu na kazi ya daktari aliyekataa kuamini kwamba mtoto yule wa 1937 alikufa bila sababu.