Jaswant Singh Khalra: Jamaa aliyefuata kuni, akawapata wauaji

Maiti haichomeki bila kuni, na kuni hazipatikani bure. Zikinunuliwa na kanjo, lazima mtu aandike kitabuni: tarehe, maiti ngapi, nani kaleta. Shika hapo, maana ndipo hadithi hii ilipo.

Jaswant Singh Khalra alizaliwa mwaka 1952 huko Punjab, kaskazini mwa India, karibu na mpaka wa Pakistan. Alikuwa Sikh, wale wa vilemba unaowajua, na hakuwa wakili wala mwanahabari. Alifanya kazi kwenye benki ya ushirika mjini Amritsar.

Punjab ya wakati huo ilikuwa moto. Juni 1984 jeshi lilivamia Hekalu la Dhahabu, mahali patakatifu zaidi pa Masikh, likiwasaka wapiganaji waliojificha humo. Oktoba mwaka huo Waziri Mkuu Indira Gandhi akapigwa risasi na walinzi wake Masikh, kisha maelfu ya Masikh wakauawa Delhi na kwingineko. Baada ya hapo ikawa miaka kumi ya uasi. Waasi nao hawakuwa malaika, waliua raia wengi tu. Lakini polisi walipewa uhuru wa kufanya watakavyo, na vijana wakaanza kuchukuliwa usiku wasirudi. Ukienda kituoni kuuliza, unaambiwa hatumjui.

Khalra alianza kwa kumtafuta mwenzake wa kazi ya benki aliyepotea. Msako huo ukamfikisha mahali pa kuchomea maiti. Kumbe polisi walikuwa wakileta miili huko na kuiandikisha kuwa haina wenyewe, ili kanjo ilipie kuni. Akapekua vitabu. Na humo, cha ajabu, baadhi ya maiti hizo zisizo na wenyewe zilikuwa na jina, jina la baba, hata kijiji. Sasa niambie, mtu unajua babake ni nani na anatoka wapi, utasemaje hana mwenyewe?

Wauaji walikuwa wameacha ushahidi kwa mwandiko wa serikali yenyewe. Wengine wangetafuta bunduki au mkutano wa hadhara. Yeye alitafuta leja.

Januari 1995 aliyaweka hadharani, akikadiria kuwa Punjab nzima watu kama 25,000 walichomwa hivyo. Ombi lilipelekwa Mahakama Kuu, likatupwa kwa hoja kwamba waliolileta si wahusika. Basi akasafiri hadi Kanada kueleza yaliyokuwa yakitendeka. Alikuwa ameshatishiwa, na angeweza kuomba hifadhi abaki huko. Akarudi nyumbani.

Septemba 6, 1995, asubuhi, alikuwa nje ya nyumba yake Amritsar akiosha gari. Polisi wakamchukua. Na kama kawaida yao, wakakana kwamba wanaye.

Hapa ndipo unapaswa kumjua mkewe, Paramjit Kaur. Mama huyu alienda Mahakama ya Juu kumdai mumewe, na mahakama ikaagiza shirika la upelelezi la serikali kuu, CBI, lichunguze utekaji huo pamoja na habari ya maiti. Mwaka 1996 CBI ikaleta hesabu: miili 2,097 ilichomwa kinyume cha sheria katika sehemu tatu tu za wilaya ya Amritsar. Kati yao 585 walitambuliwa kikamilifu. Wilaya moja hiyo, usisahau.

Khalra mwenyewe hakuonekana tena. Askari mmoja kijana alijitokeza kortini akaeleza jinsi alivyozuiliwa kwa siri kwa wiki kadhaa, akateswa, akapigwa risasi, na mwili wake kutupwa kwenye mfereji huko Harike. Aliyefichua maiti zilizochomwa bila jamaa kujua hakuachiwa hata majivu.

Kesi ilikokotwa miaka kumi. Mwaka 2005 maafisa sita wa polisi walipatikana na hatia. 2007 wanne wao wakaongezewa adhabu kuwa kifungo cha maisha, na Mahakama ya Juu ikaafiki mwaka 2011.

Kama unamfuatilia Diljit Dosanjh, yule mwimbaji wa Kipunjabi, ndiye aliyemwigiza Khalra kwenye filamu ya Punjab '95. Usiitafute kwenye kumbi za India. Bodi ya filamu ilitaka ikatwe sehemu zaidi ya 100, na 2023 iliondolewa kwenye tamasha la Toronto kabla ya kuonyeshwa. Huko Fresno, California, kuna bustani ya umma yenye jina lake.