Paul Robeson: Mwigizaji Aliyelirudia Somo Lake

Wanachuo warejeapo kutoka mazoezi ya kufundisha, aghalabu twawasikia baadhi yao wakisema kuwa somo fulani liliwashinda, na kwamba hawatamani kulifundisha tena. Kwa ajili yao twasimulia hapa maisha ya mwigizaji aliyeirudia sehemu moja ya mchezo katika muda wa miaka 29.

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898, katika mji wa Princeton, Marekani. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka angali kijana, akasoma hata akawa mchungaji. Mama yake, aliyepata kuwa mwalimu, alifariki kwa ajali ya moto Paul akiwa na umri wa miaka mitano. Baba ndiye aliyemfundisha mwanawe kusema mbele ya watu na kutamka kila neno sawasawa. Paul alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1923, lakini katika ofisi aliyoajiriwa karani mzungu alikataa kuandika maneno aliyosomewa na mtu mweusi. Akaiacha sheria, akashika uigizaji na uimbaji.

Mwaka 1930, huko London, alipewa sehemu ya Othello katika tamthilia ya Shakespeare. Othello ni jemadari mweusi wa Venisi aliyemwoa Desdemona, binti wa kizungu, kisha akamwua kwa wivu aliotiwa na Iago, msaidizi wake mwongo. Robeson alijiandaa kwa bidii. Miongoni mwa waliomfunza alikuwa Amanda Aldridge, binti wa Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyesifika Ulaya kwa sehemu hiyohiyo katika karne ya 19. Hata hivyo taa za jukwaani zilikuwa hafifu, na Robeson mwenyewe alijizuia mno kumkaribia Desdemona, akichelea chuki ya watazamaji. Walimshangilia, lakini yeye hakuridhika.

Tangu hapo alitamani kuirudia sehemu ile katika nchi yake. Haikuwa rahisi, kwani katika majumba makubwa ya New York mtu mweusi hakuwa amepata kuigiza Othello pamoja na wazungu. Katika miaka ya kungoja hakukaa bure. Alijifunza lugha nyingi, na huko London akasoma lugha za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwaka 1942, wenye fedha wakiwa bado wanasita, yeye na mwongozaji Margaret Webster waliujaribu mchezo katika miji midogo, ukiwamo Princeton alikozaliwa. Hatimaye, tarehe 19 Oktoba, 1943, alipanda jukwaa la New York akiwa na umri wa miaka 45. Mchezo ule ulionyeshwa mara 296, na hakuna mchezo wa Shakespeare uliopata kudumu kiasi hicho katika majumba ya Broadway. Ulipozungushwa katika miji mingine, Robeson alikataa kuigiza mahali ambapo watazamaji weusi walitengwa.

Mwaka 1950 serikali yake ilimnyang'anya pasipoti kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa. Alirudishiwa mwaka 1958, na mwaka uliofuata, akikaribia kutimiza miaka 61 na afya yake ikiwa dhaifu, akawa Othello tena huko Stratford, mji aliozaliwa Shakespeare. Alifariki mwaka 1976.

Tusidhani kuwa Robeson alishinda kwa kurudia tu. Mwalimu anayelirudia somo bila kulitafakari hurudia makosa yaleyale. Robeson alipambanua mambo mawili: upungufu uliokuwa wake, na vizuizi vilivyowekwa na wengine. Upungufu wake aliurekebisha kwa kusoma na kufanya mazoezi; vizuizi vya wengine hakuvikubali kuwa kipimo cha uwezo wake.

Basi mwanachuo, somo linapokwenda kombo, keti na andalio lako siku hiyohiyo. Andika kwanza yaliyokuwa yako: swali lisiloeleweka, zana isiyotayarishwa, woga uliokufanya uupe darasa mgongo. Kisha andika yasiyokuwa yako: vitabu vichache, watoto waliokuja na njaa. Ukishayatenga hivyo, liandae somo upya, ukalifundishe tena.