Huruma Iliyoandikwa Sheria: Maisha ya Henry Dunant

Alama ya msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe hujulikana hata na watoto wadogo wa shule. Lakini mtu ambaye kwa juhudi yake kazi hiyo ya huruma ilianza hajulikani na wengi. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, kwani zina fundisho kwa kila nyumba.

Henry Dunant alizaliwa Geneva, nchini Uswisi, tarehe 8 Mei 1828, katika jamaa ya Kiprotestanti yenye mali na heshima. Tangu ujana wake alizoea kuwatembelea maskini na wafungwa. Baadaye alianzisha biashara huko Algeria, lakini ruhusa ya ardhi na maji aliyoihitaji haikupatikana. Basi mwaka 1859 akafunga safari kwenda kumwona Napoleon III, Kaizari wa Ufaransa, ambaye wakati huo alikuwa vitani katika Italia ya kaskazini. Tuangalie vema jambo hili: Dunant alikwenda huko kwa shughuli zake mwenyewe, wala hakufikiri habari za majeruhi.

Tarehe 24 Juni 1859 Wafaransa na Waitalia walipigana na Waaustria karibu na kijiji cha Solferino. Jua lilipotua, yapata watu 40,000 walikuwa wamekufa, wamejeruhiwa au wamepotea. Maelfu ya majeruhi waliletwa Castiglione, mji alikozaliwa Mtakatifu Aloisi Gonzaga, yule aliyefariki Roma mwaka 1591 kwa kuwauguza wagonjwa wa tauni. Makanisa, nyumba na njia zikajaa watu wenye kuugua kwa maumivu. Madaktari walikuwa wachache mno. Dunant akaacha shughuli zake. Pamoja na paroko, Padre Lorenzo Barzizza, na akina mama wa mji, akaosha vidonda, akawanywesha maji wenye kiu, akapokea salamu za mwisho za waliokuwa wakifa. Akina mama wale hawakuuliza nani ni rafiki na nani ni adui. Kwao wote walikuwa ndugu.

Wengi waliona mateso ya siku zile, wakarudi makwao, wakasahau. Dunant hakusahau. Mwaka 1862 alipiga chapa kitabu juu ya Solferino kwa fedha zake mwenyewe, nakala 1,600, akawapelekea wakuu wa Ulaya. Ndani yake aliomba mambo mawili: kwanza, kila nchi iwe na chama cha wasaidizi waliofundishwa tangu wakati wa amani, pili, serikali zipatane juu ya sheria ya kuwalinda majeruhi na wale wanaowauguza.

Tarehe 17 Februari 1863 watu watano walikutana Geneva kama halmashauri: Jemadari Dufour, mwanasheria Gustave Moynier, madaktari Appia na Maunoir, na Dunant mwenyewe. Halmashauri hiyo ndiyo mwanzo wa Msalaba Mwekundu. Tarehe 22 Agosti 1864 dola 12 zikatia sahihi Mapatano ya Geneva, kwamba askari aliyejeruhiwa atauguzwa awe wa upande wowote, na kwamba waganga na hospitali za vitani zisishambuliwe.

Lakini mwaka 1867 biashara ya Dunant ilianguka, ikawapotezea watu wengi wa Geneva fedha zao. Mwaka uliofuata baraza la hukumu likamwona na hatia. Akatoka katika halmashauri, wala Moynier hakutaka arudi tena. Akauacha mji wake asiuone tena, akatangatanga Ulaya katika umaskini mkubwa. Tangu mwaka 1892 aliishi katika hospitali ndogo ya Heiden, nchini Uswisi, mpaka mwandishi mmoja wa magazeti alipotangaza habari zake mwaka 1895. Mwaka 1901 alipewa, pamoja na Mfaransa Frédéric Passy, tuzo ya kwanza ya Nobel ya amani. Hakuitumia fedha hiyo kwa raha zake. Alipofariki tarehe 30 Oktoba 1910, wosia wake uliweka kitanda cha bure katika hospitali ile kwa ajili ya mgonjwa maskini.

Hatusemi kwamba Dunant hakuwa na kosa. Twasema kwamba kazi yake haikuanguka pamoja naye, kwa sababu huruma yake ilikuwa imekwisha kuwa sheria, na Moynier, aliyemkataa, aliitunza sheria hiyo mpaka kufa kwake mwaka ule ule wa 1910. Mwaka 1949 yakawako Mapatano manne, yanayowalinda pia mateka na raia. Na kwa kuwa sheria isiyojulikana na askari haimwokoi mtu, mwaka 1970 ilianzishwa katika mji wa Sanremo, Italia, Taasisi ya Kimataifa ya Sheria ya Kibinadamu, inayowafundisha maofisa wa majeshi ya nchi nyingi. Hata hivyo vita vya siku zetu vinatuonyesha jinsi sheria hii inavyovunjwa bado.

Basi wazazi wasidhani kwamba huruma itakuja yenyewe siku ya shida. Mtoto asiyezoezwa nyumbani kumpa maji mtoto wa jirani waliyegombana naye, atayajuaje hayo akiwa na bunduki mkononi? Solferino iliwakuta watu hawakujiandaa. Sisi tunao wakati wa kujiandaa.